Sauti Ndani ya Kasike

Mimi ni mshonaji. Nilianza na magauni nikiwa msichana kule Karagwe, ambako wazazi wangu walikuwa wakimbizi, nikaja kuishia kwenye kasike. Kasike ni kofia ngumu ya pikipiki. Hapa Kigali hakuna anayeiita vingine. Kila motari, yule mbeba abiria kwa pikipiki, anazo mbili, yake na ya abiria, na ile ya abiria inapita kwenye vichwa vya watu mpaka inanuka kama kitanda cha mgonjwa. Wananiletea. Nabandua kitambaa cha ndani, nafua, nakata sponji mpya kwa wembe, nashona upya kwa mkono kwa sababu cherehani haiingii humo. Si kazi ya kujisifia, lakini naijua kasike kwa ndani kuliko wanaoivaa.

Nayasema haya mwanzoni ili mtu asidhani nilidandia kazi nisiyoijua. Niliijua. Ndiyo maana mpaka leo nina uchungu.

Shule yangu iliishia darasa la nne. Kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, na Kinyarwanda changu ni cha mdomoni, kwa hiyo naandika hivi. Asiyependa aache.

Mwanangu wa mwisho ni motari. Stendi yake iko hapa Kagarama, ng'ambo ya barabara, naiona nikiwa kwenye cherehani. Amekaa pale miaka mingi, wenzake wengine wameshapata magari na wengine wameshazikwa. Anaishi na mke wake na wasichana wao wawili katika nyumba ya nyuma, mimi niko ya mbele. Ni mtu wa maneno machache. Ukimwita, mara nyingine hageuki. Tangu akiwa mtoto nilisema huyu ana kichwa cha jiwe, na kila aliyemfahamu alikubaliana nami.

Basi, kampuni moja ndogo inayopeleka dawa majumbani ikawa inatafuta waendeshaji. Mshahara kila mwezi ukiisha, bima ya watoto, na pikipiki ikiharibika wanatengeneza wao. Mwanangu alipoleta habari hiyo alikuwa anatabasamu, naye hatabasamu bure.

"Mama, pale stendi nitazeeka nikingoja mtu ainue mkono."

"Umeshazeeka," nikamwambia. "Wanataka nini?"

Walitaka jambo moja. Mwendeshaji asishike simu wala asiitazame akiwa barabarani. Simu ikae mfukoni, ramani iongee ndani ya kasike, yeye asikilize na kufuata. Jumatatu wangempa anuani tatu asizozijua, msimamizi angepanda nyuma yake kama abiria, akae kimya, aone kama anafika. Akifika, kazi ni yake. Akipotea, au akitoa simu mfukoni, anarudi alikotoka. Waliojiandikisha walikuwa wengi na nafasi zilikuwa chache. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Tulikwenda wote wawili Remera kununua hivyo vidude vya sauti. Mimi nilikwenda kwa sababu sikutaka aniletee kitu kisichoingia kwenye sponji. Muuzaji alikuwa na duka la upana wa kabati, limejaa waya mpaka mlangoni.

"Mukecuru, hii iko orijino," akasema, akiniwekea kasha mbele yangu. Mukecuru ni bibi kizee.

"Orijino ya wapi?"

"Ya huko."

"Huko wapi?"

Akacheka. "Mukecuru, wewe iko polisi?"

"Mimi ni fundi. Fungua nione."

Akafungua. Kulikuwa na kisanduku cha kubana pembeni mwa kasike, maiki yenye shingo ya kupinda, na spika mbili bapa, kila moja sawa na kifungo kikubwa cha koti, zenye waya mwembamba kama uzi wa kudarizi. Nikazipima kwa kidole. Zingeingia.

"Inasikika vizuri?" mwanangu akauliza.

"Bosi, na hii utasikia mpaka mawazo ya bibi yako nyumbani."

"Hayo hayahitaji spika," mwanangu akasema. Tulicheka wote watatu. Sijacheka naye tena tangu siku hiyo.

Alhamisi nilifanya kazi. Nilitoa mashavu ya kasike, yale mapande mawili ya sponji yanayobana uso, nikachimba kishimo kila upande mahali pa sikio. Kishimo kikiwa juu mno, sauti inaishia kwenye nywele. Kikiwa chini, inaishia kwenye taya. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamvalisha, nikatia alama kwa chaki. Waya niliupitisha nyuma ya shingo, chini ya kitambaa, nikaushika kwa mishono midogo isiyoonekana. Kisha akaunganisha simu yake na kile kisanduku.

Muziki ulikuja. Mke wake akampigia kutoka jikoni, sauti yake ikaja. Ramani haikuja. Simu ilikuwa inataja njia peke yake ndani ya mfuko wa koti, kama mwendawazimu anayesema na ukuta, na kasike kimya. Akazima, akawasha. Akafuta, akaunganisha upya. Jioni hiyo hakula.

Ijumaa mkazamwana wangu akarudi kutoka kazini. Anafundisha watoto wa chekechea, kwa hiyo ana subira ambayo mimi sikupewa. Alikaa barazani na simu akaanza kuipekua. Hakupekua simu tu, aliingia ndani ya ile ramani yenyewe, kwenye mipangilio yake, akakuta mahali pa kuruhusu sauti ya njia ipite kwenye blutuuthi. Palikuwa pamezimwa.

"Kidude hicho tu?" nikamuuliza. "Siku mbili tunateseka kwa kidude hicho?"

"Hicho tu, Mama."

Akapita pengine humo humo, akamwondoa yule mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa anaongea, akaweka wa Kiswahili. Mwanangu alikulia Kiswahili mikononi mwangu. Akiwa na haraka ndiyo lugha anayoielewa bila kufikiri. Mkazamwana akavaa kasike ajaribu, akaanza kurukaruka kama watoto anaowafundisha.

"Anaongea! Anasema elekea kaskazini. Mama, kaskazini ni wapi?"

"Ni Kinyinya. Niletee hapa."

Nikavaa mimi. Upande wa kushoto ulikuwa unaongea vizuri, upande wa kulia umekufa. Nikajua mara moja: usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeongeza mishono, na sindano yangu ilikuwa imepita katikati ya waya wa kulia. Kosa langu, na nilikiri pale pale. Lakini spika moja ilikuwa inatosha. Nikampa mwenyewe avae.

"Haisemi," akasema.

"Inasema," mke wake akamwambia.

"Haisemi."

"Nimeisikia mimi, ameisikia mkeo," nikasema. "Wewe masikio uliwekewa mapambo?"

Alivua kasike akaiweka mapajani, akawa anapapasa sponji kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Mama, hiyo nzima ihamishie kulia."

"Kwa nini? Kushoto imekosa nini?"

"Ihamishie tu."

Nikafikiri. Huku kwetu magari yanapita kulia kwa barabara, si kama kule Tanzania nilikokulia, kwa hiyo anayekupita anakuja kwa mkono wako wa kushoto. Mtu mwenye spika moja, akili inamwambia aiweke kulia, upande wa mtaro, sikio la kushoto libaki wazi kusikiliza magari. Nikamwona mwanangu ana busara kuliko nilivyodhani. Nikamwambia hivyo.

"Ndiyo. La kushoto libaki kwa ajili ya barabara. Umefikiri vizuri."

Mimi simsifu mtu ovyo. Yeye akatazama chini, nikadhani ni aibu ya kusifiwa. Nikafumua, nikahamisha, nikashona. Akavaa tena.

"Sasa," akasema, na uso wake ukafunguka. "Sasa namsikia kama yuko ndani ya kichwa changu."

Jumamosi nilikuwa na mapazia ya mteja aliyejenga Kinyinya, kule ambako nyumba zinaota kama uyoga na barabara bado hazijaingia vichwani mwa watu. Mteja alikuwa ametuma lokesheni. Nikamwambia mwanangu, hayo ndiyo mazoezi, nipeleke na mapazia yangu. Nikajifunga kitambaa, nikavaa kasike ya abiria juu yake, nikapakata furushi.

Abiria wa Kigali ana kawaida yake. Motari asipojua njia unamwongoza kwa kiganja: ukigusa bega la kushoto anakata kushoto, ukigusa la kulia anakata kulia, ukimgonga mgongoni anasimama. Siku hiyo niliweka mikono yangu juu ya furushi na sikumgusa. Nilitaka ajifunze kumtegemea yule wa ndani.

Alikwenda vizuri. Tulipanda Remera, tukaupita uwanja wa mpira, tukashika Kimironko, tukateremka Kibagabaga. Alikata kona ambazo mimi sizijui na yeye hazijui, bila kusimama, bila kuuliza mtu wa dukani. Mimi nilikuwa sisikii kitu, naona tu mabega yake yakiinama kabla ya kila kona, kama mtu aliyenong'onezwa. Nilijisikia fahari. Nilishaanza kuwapangia wale wasichana bima yao.

Tulipoingia barabara ya vumbi ya Kinyinya, lori la mchanga likaja nyuma yetu. Likapiga honi fupi. Nikafikiri amesikia. Likapiga ndefu. Mwanangu akawasha taa ya kushoto akaanza kusogea katikati, kwa kuwa yule wa kwenye kasike alikuwa amemwambia apinde kushoto, na lori wakati huo lilikuwa limeshaanza kutupita kwa upande huo huo. Honi haikukatika tena. Mimi meno yalikuwa yanatetemeka kwa mlio ule, na mtoto wangu anaendelea kusogea taratibu, ametulia, kama mtu aliye peke yake duniani.

Nilimpiga ngumi mgongoni, nikamvuta bega la kulia kwa nguvu zote. Tukaingia kwenye mtaro wa mawe. Pikipiki ikalala, mimi nikakaa chini bila kutaka, na mapazia ya mtu yakafunguka kwenye tope jekundu. Hatukuumia. Upepo wa lori lile niliusikia usoni, ulikuwa na harufu ya dizeli na mchanga mbichi.

Lori likasimama mbele. Dereva akatoa kichwa.

"We motari! Masikio yako umeuzia nani?"

Na aliyekuwa amekaa juu ya mchanga akaongeza, "Mwachie mukecuru aendeshe! Yeye anasikia!"

Wakacheka wakaondoka. Mwanangu akainua pikipiki, akavua kasike iliyobanduka kitambaa upande mmoja, akaanza kufuta kioo cha kushoto kwa mkono wa shati.

"Hukusikia honi?" nikamuuliza.

"Yule wa ramani alikuwa anaongea."

"Anaongea kulia. Na kushoto je?"

Akaendelea kufuta. Mimi nikasimama kushoto kwake, nyuma kidogo. Nikamwita jina lake kwa sauti ya kawaida, kama ninavyomwita kula. Akawa anafuta. Nikaita tena. Kioo kilikuwa kimeshakuwa safi, yeye anafuta. Nikazunguka nikasimama mbele ya uso wake.

"Tangu lini?"

Aliniangalia. Yule mtoto hajapata kuwa na macho ya hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Tangu mushanana," akasema.

Mushanana ni lile vazi letu la sherehe linalofungwa begani. Hatukuwa na muda mrefu tangu tumerudi Rwanda, mimi nashona kwenye chumba kimoja, na mtoto huyu alikuwa na miaka tisa. Mama wa bibi harusi alikuwa amenipa hariri yake, sherehe ni kesho. Nilimwachia mtoto pasi ya mkaa nikamwambia aiangalie, nikaenda kuteka maji. Niliporudi alikuwa amejaribu kunisaidia kupiga pasi. Palikuwa na tundu kwenye hariri lenye umbo la pasi.

Nilimpiga kofi moja. Sikumpiga kwa fimbo wala kwa mwiko, kofi moja tu, na siku zote nilikuwa nikijihesabia haki kwa hiyo moja. Mimi natumia mkono wa kulia. Mtu wa mkono wa kulia akikupiga mmetazamana, kofi linatua kushoto.

Sikio lilitoa damu kidogo, halafu maji kwa siku kadhaa. Nilimtia mafuta ya moto, kama mama yangu alivyotutia sisi, nikawaambia majirani ni baridi ya usiku. Hospitali sikumpeleka. Pesa ya kumpeleka ilikuwapo. Sikumpeleka kwa sababu wangeuliza. Maji yakakauka, nikasema amepona. Na tangu hapo nikawa namwita haitiki, na asipoitika nampiga tena. Nimemchapa yule mtoto kwa ukaidi miaka mingapi? Nilikuwa nasimama kushoto kwake namwita, halafu namchapa.

Sikumwambia lolote kati ya hayo pale kwenye mtaro. Nilimwuliza:

"Umeendeshaje miaka yote hii?"

"Kwa hili la kulia. Na vioo. Na kugeuza shingo."

"Na sasa la kulia umempa yule mwanamke wa ramani."

"Ni kwa Jumatatu, Mama. Nikishapata kazi nitajifunza njia, nitakuwa namzima."

"Utamzima wakati kila saa wanakupa nyumba usiyoijua?"

Akaikung'uta kasike vumbi. Kisha akasema, "Usimwambie mke wangu."

"Hajui?"

"Anajua kwamba nina dharau."

Tukapakia mapazia yenye tope. Kurudi nyumbani alizima ramani, na mimi nilikaa nyuma nikisikia kila honi kwa niaba yake.

Jumapili kanisani nilimwangalia. Aliingia, akapita viti vilivyokuwa wazi, akaenda kukaa mwisho wa benchi, bega la kushoto ukutani. Amekaa hivyo siku zote, na mimi nilidhani anapenda kuegemea. Padri alihubiri jambo ambalo silikumbuki. Nilikuwa napiga hesabu mbili tu. Nikinyamaza, Jumatatu atapata kazi, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba anajua kuifuata sauti ile. Wasichana watapata bima. Na siku moja lori lingine litakuja na mimi sitakuwa nyuma yake. Nikisema, hakuna atakayempa kazi. Nilitafuta hesabu ya tatu. Nilifikiria spika iwe chini kidogo, sauti iwe ndogo, sponji iwe nyepesi. Nilikaa na kasike ile mchana kutwa nikijaribu, kwa maana alikuwa ameniletea nibandike kitambaa kilichobanduka. Niliivaa, nikaziba sikio la kushoto kwa pamba, nikawasha ramani, nikamwambia mjukuu mkubwa apige makofi nyuma yangu. Sauti ya ramani ikisikika, makofi hayasikiki. Makofi yakisikika, ramani haieleweki.

Jumatatu kulipokucha nilichukua mkasi. Nilikata waya mahali pawili ili usiungike, nikang'oa spika kwenye kishimo, nikaiweka mezani karibu na kasike. Sikuficha kitu. Kama ningeficha ningekuwa mwizi.

Alikuja kabla ya saa moja, amevaa shati lililopigwa pasi, mke wake nyuma yake na chai kwenye chupa. Akaona meza. Alisimama muda mrefu kuliko inavyochukua kuona.

"Mama. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Ni sikio langu." Akaichukua ile spika, akaigeuza kiganjani, akairudisha. "Hata lile la kwanza lilikuwa langu."

Mkazamwana akatutazama mmoja mmoja. "Sikio gani? Mama, umefanya nini? Leo ndiyo siku yake!"

Mwanangu akanitikisia kichwa nisiseme. Nikasema.

"La kushoto limekufa. Hasikii kitu upande huo tangu ana miaka tisa. Nililiua mimi kwa kofi, kwa ajili ya nguo ya mtu."

Nilidhani atanigeukia mimi. Alimgeukia mumewe.

"Miaka kumi na moja naongea na wewe kitandani hunijibu," akasema polepole. "Nililia mpaka nikaacha. Nikasema huyu mwanaume amenichoka. Kumbe ulikuwa hunisikii? Na ukaniacha niamini hivyo?"

"Ningekwambia ungeuliza nani aliliua," mwanangu akasema.

Kisha akachukua kasike, akavaa, akaenda. Hakwenda kwenye kampuni. Kutoka barazani nilimwona akivuka barabara na shati lake safi, akaweka pikipiki kwenye mstari wa stendi, akakaa juu yake, akangoja mtu ainue mkono.

Mke wake alimpeleka kwa daktari wiki iliyofuata. Daktari alimulika, akampima kwa mashine, akasema ndani mle hakuna cha kufufua, na kwamba mtoto angeletwa wakati ule pengine ingekuwa vingine. Habari hiyo niliipata kwa mkazamwana. Yeye mwanangu ananisalimia asubuhi, anauliza kama nimeamka, ananiletea mkaa ukinunuliwa. Hamnyimi mama yake kitu. Ila ndani kwangu haingii, na akiwa na kasike ya kurekebisha anashona mwenyewe, vibaya, kwa uzi wa viatu.

Wako walioniambia nimemwokoa. Mkazamwana mwenyewe aliwahi kulisema, siku moja tukichambua mchele. Sijui. Lori la pili halijaja, kwa hiyo hakuna awezaye kunionyesha nilimwokoa na nini. Kazi aliyoikosa ndiyo naiona, kwa sababu waendeshaji wa kampuni ile wanapita hapa mbele kila siku na masanduku yao ya dawa.

Mmoja wao ni wa stendi hii hii, jirani yake wa mstarini kwa miaka mingi. Alipata nafasi. Mwezi uliopita akaja barazani kwangu na kasike mkononi na kasha la spika, jipya kabisa.

"Mukecuru, mwanao amenituma kwako. Amesema mjini humu hakuna anayejua kuweka spika kama wewe."

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Nikamwambia ageuke anipe mgongo. Nikanong'ona neno kushoto kwake, nikanong'ona lingine kulia.

"Nimesema nini?"

"Huku umesema sabuni. Huku umesema mjinga. Mukecuru, siku hizi umekuwa daktari?"

"Kaa chini. Nitakuwekea moja tu, ya kulia."

"Lakini nimenunua mbili!"

"Ya pili mpe mkeo avae hereni. La kushoto acha wazi."

Akakaa kwenye kigoda, akanung'unika kidogo. Nikaanza kuchimba kishimo. Ng'ambo ya barabara mwanangu alikuwa kwenye pikipiki yake, amenipa mgongo. Yule motari akamtazama, akauliza kile nilichokuwa naogopa kuulizwa na watu wa stendi.

"Hivi kwa nini yeye hakwenda? Sisi wote tulijua nafasi ya kwanza ni yake. Njia anazijua kutupita."

"Muulize mwenyewe."

"Tulimwuliza. Alisema mama yake alimkataza."

Wembe ukasimama mkononi mwangu. Hakuwa amewaambia habari ya sikio. Hakuwa amewaambia habari ya kofi. Stendi nzima, wanaume ambao anashinda nao kutwa, alikuwa amewapa hilo moja wamchekee.

"Basi amewaambia kweli," nikasema. "Nilimkataza."

"Mana yanjye!" Akamwita Mungu wake, akacheka mpaka kigoda kikayumba. "Mwanaume mzima, na ndevu zake, anakatazwa na mama!"

Nikamwambia ashike kitambaa vizuri kisisogee, nikachukua sindano nikaanza kushona.